Anayechuma Haangaliwi

Njooni mkae, nyote watatu, na simu zenu mziweke pale mezani kando ya dawa zangu, zilale kifudifudi, maana nitakayosema leo si ya kurekodiwa wala si ya kurushiwa watu yasiyowahusu. Mkubwa, kaa hapa karibu na kichwa changu. Wewe binti yangu kaa miguuni nikuone uso, na wewe kitinda mimba usinisimamie mlangoni kama mgeni aliyekuja kudai, vuta ile ndoo uikalie. Jirani yetu Kondakta yuko barazani, nimemwomba asikilize kila neno ili kesho asitokee mtu akasema mama alikuwa anaweweseka. Siweweseki, wanangu. Nina hasira, na hasira ndiyo iliyonifikisha asubuhi hii, maana daktari alishanikatia tamaa. Mtu akifa na kinyongo hazikwi nacho, hukiacha nyumbani kikawala watoto, kwa hiyo changu nakitoa hapa mbele yenu.

Nianze na mali, kwa sababu najua sikio la mrithi halitulii mpaka lisikie mali. Nyumba hii na vyumba vyake vitatu ni yenu nyote, haiuzwi, na kati yenu atakayekosa pa kulala ndiye mwenye ufunguo siku hiyo, wala asiulizwe amekosaje. Kitanda hiki ni cha mkubwa, ambaye siku nilipokinunua alisema ni anasa kwa mwanamke mzee, kisha akaja kukilalia mwenyewe alipogombana na mkewe, mimi nikalala chini. Pasi ya mkaa ni ya binti yangu. Najua una pasi ya umeme, mama, lakini umeme ukikatika utanikumbuka. Mabeseni yangu yote ya bati ni ya kitinda mimba, hata lile lililotoboka, kwa kuwa yeye ni fundi wa kuchomea na ameahidi kuliziba tangu alipokuwa mwanagenzi. Nguo zangu wapeni wale zitakaowatosha, na msiwapige picha wakizipokea.

Sasa kiwanja. Hapo ndipo mate yalipowakauka, nimeona.

Kiwanja kile baba yenu alikinunua kwa ajili ya kamba zangu. Nilikuwa dobi wa mtaa huu kabla hamjazaliwa, na dobi asiye na mahali pa kuanikia ni sawa na mpishi asiye na jiko, basi akachimba nguzo kwa mikono yake, akafunga kamba toka ukuta wa jirani mpaka barabarani, na siku za jua shuka zilikuwa zikipiga makofi huko hadi mtaa wa pili wakasikia. Alipofariki, baba yenu mdogo alikuja na futi ya kupimia kabla waombolezaji hawajakunja mikeka, akaanza kupima kati ya nguo za watu zilizolowa, nami nikaichukua ile futi nikaitia ndani ya beseni la sabuni. Huyo sijamsamehe, na nisingependa mnisaidie kumsamehe. Akija msibani mpeni kiti na maji ya kunywa kama binadamu wengine, lakini kiwanja asikipime hata kwa macho.

Nawaambia habari za udobi kwa sababu ninyi mmesoma na mmesahau nyumba hii ilisimama juu ya nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mtaa aijuaye dobi. Nilijua nani ameoa na bado anakojoa kitandani, nani ana shati moja analoliita mashati, shuka ya nani imelowa machozi upande mmoja tu. Nikafua, nikaanua, nikakunja, nikarudisha kwa mwenyewe, na tulipokutana dukani tukaulizana habari za mvua. Kutia sabuni hata mtoto ataweza, lakini kunyamaza ni ufundi, na ufundi huo ndio uliowaleta watu kwangu miaka yote ile.

Sasa nitasema jambo nililokusudia kuingia nalo kaburini, na ninyi ndio mlionilazimisha, Mungu ananiona. Mwaka aliofariki baba yenu, mikono yangu ilipasuka kwa magadi hadi sikuweza kukamua hata leso, wateja wakahama mmoja mmoja, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Sare zenu zilikuwa zimekwisha. Wewe mkubwa suruali yako ilichanika nyuma, ukawa unarudi kutoka shule umejibana ukutani, ukidhani sioni. Asubuhi moja nikatoka kuanua nguo, nikakuta kwenye kamba nguo ambazo sikuzianika: kaptula, suruali, sketi, mashati, kila moja kwa kipimo chenu hasa, zimechomekwa katikati ya shuka za wateja kana kwamba nimezifua mwenyewe. Zilikuwa mpya, lakini aliyezileta alizilowesha kwa makusudi zichuruzike maji kama za wenzake. Nikageuza kifungo kimoja, nikaona uzi umezungushwa shingoni mwa kifungo namna ambayo fundi mmoja tu wa mtaa huu huzungusha. Nikajua ni Bi Vifungo.

Kesho yake nilimkuta mlangoni kwake amekaa kwenye cherehani, nikamwamkia, akaniitikia, tukaongea habari za mvua. Tangu siku hiyo mpaka leo hajasema, nami sijasema. Mlisoma ndani ya nguo zile, mkafaulu ndani ya nguo zile, mkapigwa picha za shule meno nje, na aliyewavisha alikuwa akipita akiwaona na hakuwahi hata kuwarekebisha kola. Tenda wema nenda zako, wanasema watu, ila yeye ndiye niliyemwona akienda zake kweli.

Ndiyo maana kiwanda cha nyuzi kilipofungwa na mtaa mzima ukabaki mikono mitupu, sikuhitaji kufundishwa la kufanya. Watu walikuwa hawana cha kula, achilia mbali nguo za kumpa dobi, na kamba zangu zilining'inia bure. Chini ya nguzo ya kona, pale nilipozoea kumwaga maji ya suuza, boga lilikuwa limejiotea. Bi Vifungo akaliona, akasema ardhi ikitoa boga bila kuombwa, ikiombwa itatoaje. Tukachukua majembe, mimi, yeye na huyu Kondakta, ambaye basi lake lilikuwa limesimamishwa na alikuwa akizunguka mtaani hana wa kumpigia kelele. Tukapanda mchicha, kunde, nyanya, bamia. Maharage tukayapandisha kwenye kamba za nguo. Wakaja na wengine, kila mtu baada ya shughuli zake, hakuna msimamizi, hakuna mshahara, aliye na jembe analo na asiye na jembe anabeba maji. Walikuja hata wale waliohamia mtaani wakiwa hawajui lugha yetu, wamesimama kando ya barabara na watoto mgongoni, na Kondakta akawaita kwa sauti ileile ya basini: "Ingia ndani, nafasi ipo, kaa nyuma kuna siti." Hawakuelewa neno, ila mkono walielewa.

Lakini seremala hakuingia. Mnamkumbuka, yule mrefu aliyetengeneza madawati yenu. Alikuwa akija kusimama kando ya barabara na kapu amelikunja kwapani, anajifanya anatazama mapaa ya nyumba, na kila tukimtazama anaondoka. Mwenye njaa hana miiko, husema walioshiba. Yule alikuwa na njaa na miiko yake yote anayo. Basi siku moja alipotokea, Bi Vifungo akasema kwa sauti kubwa kwamba upande wa ukutani kuna magugu ya aibu, akageuka, akainama kupalilia, na sisi wote tukageuka tukainama naye. Hakukuwa na gugu hata moja. Tukapalilia udongo mtupu mpaka tukasikia hatua za mtu zikiingia, zikikaa, zikitoka. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyecheka.

Tangu hapo hiyo ndiyo sheria yetu, na ni moja tu: anayechuma haangaliwi. Awe amelima au hajalima, awe wa mtaa huu au mpita njia, awe anarudia mara ya pili asubuhi hiyohiyo. Akiingia na kapu, wewe geukia ukuta. Ndiyo sababu upande ule haujapata kumea gugu, na wageni hutusifu kwa usafi bila kujua.

Mnipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa nilipolazwa hospitali, nilijua bustani iko mikononi mwa watu, nami nikalala kwa amani. Mlikuja kila siku, sikatai, mkanilisha kwa kijiko, mkanisuka nywele, mkubwa ukasimamia dawa zote, na kwa hayo Mungu atawalipa. Lakini nikaona Bi Vifungo haji. Nikiuliza, mnasema ana kazi nyingi. Mkanirudisha nyumbani mkanipitisha mlango wa nyuma, mkaniambia mbele pana matope, kumbe matope yenyewe ni ninyi. Asubuhi ya kwanza nikalala nikisikiliza, sikusikia jembe. Kondakta alipokuja kunijulia hali nikamuuliza bustani haijambo, akatazama dari. Mtu ambaye maisha yake yote ameishi kwa mdomo, nilimuuliza swali moja akatazama dari. Hapo nikajua kuna kitu kimekufa kabla yangu.

Nikamlazimisha, akasema. Nikamwambia anishike mkono anifikishe dirishani, nikaona kwa macho yangu haya. Lango la chuma, na waya pande zake. Lango, kwenye kiwanja ambacho toka nguzo ya kwanza isimame hakijawahi kuwa hata na uzio wa miti. Na kufuli juu yake ukubwa wa ngumi. Na juu ya kufuli, bango. Na ndani ya bango, Bi Vifungo ameinama kwenye tuta la mchicha, kapu mkononi, kitambaa kimemteleza kichwani, hajui kama anapigwa picha, na chini yake maneno makubwa mekundu: TUNAWALISHA WASIOJIWEZA.

Binti yangu, usilie sasa, utalia nikishamaliza. Wewe ndiye uliyempiga picha ile. Ulisimama dirishani hapa, chumbani mwangu, ukamwangalia anayechuma, ukamchukua mzimamzima ukampeleka barabarani. Najua ulikusudia mema. Ulitaka wenye uwezo waone, watuletee tangi jingine la maji, na ofisini kwenu ndivyo wanavyofanya, hawatoi mpaka waone mtu ameinama. Lakini nani alikuambia hajiwezi? Alikuwa amepanda tuta lile mwenyewe. Ulimwuliza? Umekua mbele ya ukuta ule, umepalilia udongo mtupu pamoja nasi ukiwa hujafika begani mwangu, nawe ukadhani ule ulikuwa mchezo wa wazee.

Na mmejua kilichofuata, ila mimi ndiye mliyenificha. Bango halikukaa hata juma moja, wateja wakaanza kwenda kuchukua vitambaa vyao. Walisema fundi anayelishwa, kitambaa cha mtu kitasalimika kwake? Mama mmoja akapima gauni lake mbele ya watu kuona kama hakuna kipande kilichokatwa. Maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Mwanamke ambaye hajawahi kubakiza hata uzi wa mtu, cherehani yake sasa imefunikwa gunia, na bustanini hajakanyaga tena. Kondakta ananiambia hutoka siku hizi kwa kuzunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya uso wake mwenyewe.

Wewe mkubwa usijitazame kucha. Lango ni lako. Ulisema watu wanavuna wasipopanda, maboga yanapotea, lazima kuwe na utaratibu. Maboga yanapotea! Nani amekuambia yamepotea, yameliwa. Na tangu mnifikishe hospitali umekuwa ukizungumza na mwenye ghorofa pale mbele, anayetafuta mahali pa kuegesha magari ya wapangaji wake. Kondakta hakunieleza hilo, nimelijua mwenyewe, maana nilikufulia mashati hadi ulipooa na nakujua ukiwa na jambo mfukoni. Kwanza lango, halafu kiwanja kikauke, halafu useme hakina faida. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimefua nguo miaka yote na bado sikukiona.

Nawe kitinda mimba. Wewe ndiwe uliyelichomelea. Kaka yako alikuagiza, nawe ukawasha mashine yako, wewe ambaye kila Jumamosi ulikuwa ukibeba maji na Kondakta, ambaye ulijua. Ulijua na ukanyamaza. Nimewafundisha kunyamazia aibu ya mtu, mwanangu, sikuwafundisha kunyamazia dhuluma. Ukinyamaza mahali pasipo pake, huo si ustaarabu, ni woga umevaa nguo safi.

Nipumzike kidogo. Hapana, msinilaze, nikilala sitaamka kusema yaliyobaki.

Huu ndio wosia wangu, na Kondakta wewe uliye barazani ni shahidi. Kiwanja hakigawanywi, hakiuzwi, hakikodishwi, hakiwekwi gari. Ninyi watatu mtakilinda, lakini si ninyi mtakaoamua nani aingie. Hilo haliamuliwi na mtu. Wanaolima ndio watakaoendesha kama walivyoendesha. Atakayekwenda kinyume na hili, iwe ninyi au watoto wenu, radhi yangu haiko naye, na sitasema zaidi ya hapo kwa sababu mimi ni mama na laana ya mama siwezi kuitamka nikiwatazama nyuso.

Lango liondoke leo, na waya wake. Kitinda mimba, mkono uliochomelea ndio utakaokata, na vyuma vyake vitengenezee viegemeo vya maharage, kamba zangu zimeoza. Mkubwa, wewe ndiye utakayemshikia vyuma akikata, mchana, mtaa mzima ukiona, kisha uvuke barabara umwambie mwenye ghorofa kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mama amekataa.

Bango usilichome moto, binti yangu, maana ni uso wa mtu. Lishushe taratibu, likunje uso ukiwa ndani, ulipeleke kwa mwenyewe. Uende peke yako. Usimpelekee mboga, nisikie vizuri, usimpelekee hata jani moja la mchicha, wala usimpelekee pesa. Mwombe radhi ukiwa umekaa chini kuliko yeye. Yale ya sare usimtajie, alikwenda zake nayo, usimkimbilie nayo nyuma. Kisha umpe kitambaa. Kiko kwenye sanduku langu, cheusi, kizuri, nilikitunza. Mwambie akushonee gauni la msiba wangu, akupime yeye, apange bei yeye, nawe ulipe kama mteja yeyote na usiombe kupunguziwa. Na ndugu zako wampelekee mashati yao. Ulimtundika watu wamwone. Sasa vaa kazi yake watu waione, na mkubwa wako wa ofisini akija kutoa pole akauliza nani kashona, mwambie fundi wetu, tangu tulipokuwa watoto.

Siku ya msiba wengine watakuja kwa ajili yangu na wengine watakuja kwa ajili ya sahani. Wapeni wote. Msiulize ni jamaa wa upande gani.

Sogeeni. Mikono yenu... hii ya nani? Mkubwa. Bado mikono yako ni baridi, tangu ulipozaliwa. Haya. Mungu awape riziki isiyowafanya muwe wakali. Awape majirani. Awape watoto watakaowatii kuliko mlivyonitii mimi mwezi huu, na watakaonipenda... watakaowapenda, nasema, kama mlivyonipenda mimi, maana hilo sina shaka nalo, hata leo. Hasira imekwisha. Imekwisha, naona ilikuwa ndiyo inayonishikilia.

Binti yangu, inuka. Nenda sasa hivi, usingoje nikate roho kwanza... sanduku liko chini ya kitanda. Tumesuhubiana tangu ujana, mimi naye, na ningependa mno kujua kama atarudi bustanini. Ningependa kuliko maji haya. Lakini hilo si langu kulijua. Kwa hiyo ukitoka kwake, njoo unikalie hapa, unishike, uniambie habari za mvua... na akikuambia atarudi, au hatarudi, mwanangu, usiniambie.